Picha Nzito ya Kwaya ya Kizito

Mzee Rafaeli aliipokea habari ile akiwa juu ya kichuguu, kwa sababu pale kigangoni kwao, nje kidogo ya Mwazye, mtandao haukushika mahali pengine popote. Ukitaka kuongea na mtu wa mjini unapanda kichuguu, unageuzia sikio upande wa Sumbawanga, kisha unaomba upepo utulie. Siku hiyo haukutulia. Ulikuwa mwezi wa sita, baridi ya Ufipa imekaza, na Mzee Rafaeli alishika kofia kwa mkono mmoja na simu kwa mkono mwingine.

"Imekataa, mzee wangu," alisema Isakwisa, Mnyakyusa mwenye duka la steshenari kule Chanji, mjini Sumbawanga. "Picha ya kwaya yenu ni nzito."

"Nzito?"

"Nzito sana. Mfumo unataka isizidi KB mia mbili. Ninyi mmezidi mno. Ipunguzeni."

"KB ndiyo nini, mwanangu?"

"Ni uzito, mzee. Uzito wa..."

Simu ikakatika. Mzee Rafaeli akaita "haloo" mpaka sauti ikamkauka, akashuka kichuguu taratibu, na moyo wake nao ukashuka.

Alikuwa mwenyekiti wa Kwaya ya Mtakatifu Kizito, kwaya ya watu ishirini na wanane ambayo tangu ianzishwe haijawahi kuimba mbali zaidi ya parokiani. Mwaka huu mkoa uliandaa tamasha la kwaya pale Sumbawanga, na kamati ikatangaza kwamba maombi yote yatapita mtandaoni: jina la kikundi, jina la mwenyekiti, na picha ya waimbaji. Wakapiga picha nje ya kanisa wakiwa wamevaa sare mpya za kitenge, milima nyuma yao. Picha ilipigwa kwa simu ya Zenon, mwimbaji wa sauti ya tatu aliyeletewa simu kubwa na kaka yake wa Tunduma. Isakwisa alikuwa amewaagiza waitume kama faili, isije ikachujuka njiani. Wakaituma hivyo, wakakaa kusubiri kualikwa.

Sasa badala ya mwaliko, uzito.

Jioni ile wanakwaya walikusanyika kanisani, na Mzee Rafaeli akawaeleza neno kwa neno. Akasimama Christopha, mwalimu wa kwaya. Christopha aliwahi kwenda Mbeya kwenye semina ya walimu wa kwaya, akarudi na jibu la kila swali.

"Jambo liko wazi," alisema. "K ni kilo. Hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Na B ni nini? Wanapigwa picha kina nani? Binadamu. Kilo za binadamu, mia mbili."

Minong'ono ikapita kwenye mabenchi. Mzee Rafaeli aliifikiria kauli ile na akaona haina kasoro. Sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa mnunuzi wa mahindi, ameishi na kilo, amelala na kilo. Lori lina kipimo chake. Daraja la kule bondeni lina kibao kinachosema tani ngapi zipite. Basi kwa nini mtandao, kitu chembamba kinachopita hewani hivi, usiwe na kibao chake?

"Sisi wote pamoja tuna kilo ngapi?" aliuliza mtu.

"Ndiyo maana wamesema tumezidi mno," alijibu Christopha.

Kesho yake asubuhi wakaenda ghalani kupimana.

Mizani ya ghala ilikuwa ile ya kuning'inia, yenye uso wa duara na mshale, imefungwa kwenye boriti. Gunia la mahindi likatobolewa matundu mawili ya miguu, likawa kama kaptula ile wanayovalishwa watoto kliniki. Mtu mmoja mmoja aliingia, akainuliwa, akaning'inia akizunguka polepole huku Christopha akisoma mshale kwa sauti ya mnadani, naye Mzee Rafaeli akiandika ukutani kwa mkaa. Timoth, mwimbaji wa besi, aliponing'inizwa, mshale ulizunguka duara zima ukarudi karibu na sifuri, na kwa muda mfupi Timoth akawa mtu mwepesi kuliko wote kigangoni. Furaha yake haikudumu. Boriti ililia, wakamshusha upesi.

Zamu ya Marsiana ikafika.

Marsiana, ambaye wengi walimwita Mama Victoria, alikuwa mke wa Mzee Rafaeli na ndiye kwaya yenyewe, ukiulizwa ukweli. Alipoanzisha wimbo, hata watoto waliokuwa wakilia migongoni mwa mama zao walinyamaza kusikiliza. Alikuja ghalani amevaa sare na viatu vya Jumapili, akaingia kwenye gunia bila kusema neno, akatazama mbele kama mtu anayepigiwa saluti.

"Tisini na mbili!" alinadi Christopha.

Marsiana akashuka, akakung'uta pumba kwenye kitenge. Alimtazama mumewe, naye mumewe akautazama ukuta.

Hesabu ilikuwa katili. Kilo mia mbili zilitosha watu watatu, tena kwa kubana. Wakachagua wepesi: Zenon, ambaye upepo wa Ufipa ulikuwa ukimyumbisha hata akiwa na jembe begani, Justa, binti wa sauti ya kwanza, na Christopha mwenyewe, aliyepimwa bila sweta, bila viatu, bila mshipi, na ambaye ilijulikana baadaye kwamba hakuwa amekula tangu jana yake.

"Watatu," alisema Christopha akivaa viatu. "Hata Utatu Mtakatifu ni watatu."

"Na Mama Victoria?" aliuliza Timoth kwa sauti ndogo isiyolingana na mwili wake.

Wote wakamgeukia mwenyekiti. Kumwondoa mke wake ilikuwa vigumu. Kumwacha na kuwaondoa wengine ingekuwa upendeleo. "Kanuni ni kanuni," alisema. "Mama Victoria atoke. Na mimi natoka." Alidhani maneno yale ya mwisho yangepunguza makali ya yale ya kwanza.

Hayakupunguza kitu. Nyumbani kwao waliongea Kifipa siku zote, lakini mchana ule Marsiana alimsemesha Kiswahili, kama mtu anayezungumza na karani wa ofisini. "Karibu chakula," alisema, akaweka mezani ugali wenye ukubwa wa yai na harage moja.

"Mama Victoria, hiki ni nini?"

"Kilikuwa kikubwa. Nimepunguza."

Jioni chai ililetwa kwenye kifuniko cha chupa. Usiku blanketi lilikuwa limekunjwa mara nne, likatosha magoti tu. Mzee Rafaeli alilala akitetemeka, na hakulalamika, maana hakujua angeanzia wapi.

Picha ya watu watatu ikapigwa pale pale nje ya kanisa, jua likiwa zuri. Zenon akapanda kichuguu, akaituma kama faili. Jibu la Isakwisa lilikuja kwa ujumbe mfupi, na Mzee Rafaeli aliusoma mara kadhaa kabla ya kuwasomea wenzake: "Mzee, hii ni nzito kuliko ile ya kwanza. Punguzeni zaidi."

Kanisa likawa kama soko. Watu watatu wanazidije watu ishirini na wanane? Mmoja akasema lazima kuna mtu alibeba kitu mfukoni. Mifuko ya Zenon ikakaguliwa, ikatoka njugu na msumari. Mwingine akasema ni jina. "Kizito," alisema. "Mfumo unaliona jina, unaliamini. Tungejiita Kwaya ya Mtakatifu Tarsisi, tungekuwa tumeshapita." Hoja hiyo ilizungumzwa kwa muda mrefu na kwa uchungu, mpaka bibi mmoja wa sauti ya pili akauliza kama Mtakatifu Kizito mbinguni anasikia wanavyomjadili, wakanyamaza.

"Ni mlima," alisema Christopha.

"Mlima gani?"

"Mara ya kwanza tulikuwa wengi, tukauziba. Safari hii tulisimama watatu, mlima wote ukaingia pichani. Na miti. Na shamba la ulezi. Mmeupima mlima ule una kilo ngapi?"

Hakuna aliyekuwa ameupima. Mzee Rafaeli aliutazama kupitia dirishani, akaona jinsi ulivyokaa pale, mzito, hauna haraka.

Ikakatwa shauri apigwe picha Zenon peke yake, kwenye ukuta mweupe wa kanisa, mlima usionekane. Safari hii Zenon hakutaka kumpa mtu simu yake, akanyoosha mkono akajipiga mwenyewe. Isakwisa akajibu: "Bado imezidi. Halafu mzee, kwaya iko wapi?" Wakaona wanakaribia. Wakampiga Zenon picha ya nusu: sikio moja, jicho moja, bega moja. Na kwa kuwa simu yenyewe nayo ilionekana imelemewa, Christopha akaamuru ifutwe kila picha ya zamani iliyomo ndani yake, ili iwe nyepesi. Zenon akafuta. Ikafutika ile ya kwanza ya kwaya nzima, ikafutika ya watu watatu, zikafutika na za harusi ya kaka yake wa Tunduma.

Nusu Zenon alipotumwa, Isakwisa hakujibu kwa maandishi. Alipiga simu, bahati nzuri Mzee Rafaeli akiwa bado kichuguuni.

"Mzee wangu, shikamoo. Hivi huko mko salama?"

"Marahaba. Tuko salama. Tumepunguza mpaka tumebakiwa na nusu ya mtu."

Isakwisa akasema, "Mzee, kesho ndiyo siku ya mwisho. Naomba..." Simu ikakatika.

Habari hizo Mzee Rafaeli alizifikisha nyumbani akiwa ameinamisha kichwa. Marsiana alikuwa akipepeta ulezi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kupepeta.

"Huyo Isakwisa," alisema, "ana miguu?"

"Anayo."

"Na wewe?"

"Ninayo."

"Kesho tunakwenda. Akanitazame usoni aniambie mwenyewe kwamba mimi sienei kwenye picha." Maneno hayo aliyasema kwa Kifipa, na Mzee Rafaeli akahisi joto kidogo.

Walidhani watakwenda wawili. Lakini asubuhi, lori la maharage lililokuwa likienda mjini liliposimama, kwaya nzima ilikuwa barabarani na sare zake, kila mmoja akitaka kuelezwa uzito wake mwenyewe. Dereva aliwapandisha juu ya magunia bila kuuliza chochote. Waliimba njia yote. Christopha peke yake hakuimba, alikuwa akifikiri.

Duka la Isakwisa lilikuwa dogo, lina mashine ya fotokopi, kompyuta mbili na kiti kimoja cha wateja. Walioingia ni Mzee Rafaeli, Marsiana na Christopha. Waliobaki waliziba mlango na dirisha. Mzee Rafaeli alieleza yote, kuanzia kichuguu, KB, gunia lenye matundu, mkaa ukutani, mpaka mlima. Isakwisa alisikiliza kwa adabu, mikono ameifunga kifuani. Habari ilipofika kwenye Timoth na mshale uliozunguka duara, aliomba radhi, akatoka kwa mlango wa nyuma. Walisikia sauti kama ya mtu anayekohoa. Alirudi macho yakiwa mekundu.

"Mmepimana," alisema.

"Tumepimana," alisema Mzee Rafaeli.

"Wazee wangu, nisameheni, mimi ndiye niliyewaambia mambo nusu nusu. KB si uzito wa mtu. Ni uzito wa picha yenyewe ikiwa humu ndani ya mashine. Simu ya huyu ndugu yetu inapiga picha kubwa mno. Hata akipiga unyoya, picha itakuwa nzito. Mimi nabonyeza hapa, nabana, inapungua."

"Na watu?" aliuliza Marsiana.

"Watu wanabaki wote, mama."

"Mimi nabaki?"

"Unabaki na kilo zako zote."

Marsiana alikaa kwenye kile kiti kimoja, akapumua. Christopha akasema kwamba hata yeye alikuwa ameanza kuhisi hivyo. Hakuna aliyegeuka kumtazama.

"Kwa hiyo nipeni ile picha ya kwanza niibane," alisema Isakwisa. "Kwangu niliifuta ilipokataliwa."

Zenon, aliyekuwa dirishani, akaanza kuitazama simu yake kama mtu anayetafuta mlango ndani ya ukuta.

Ikabidi wapige nyingine hapo hapo, maana maombi yalikuwa yanafungwa mchana ule. Wakapangwa mbele ya duka, sauti kwa sauti, Marsiana katikati, Timoth nyuma. Barabara ya Chanji ilikuwa na shughuli zake: mama anauza maandazi, bodaboda wamelala juu ya pikipiki zao, mtu anasukuma baiskeli yenye tenga la samaki wakavu. Isakwisa alipiga mara moja tu, akakimbilia ndani.

Alipoibana mara ya kwanza, kompyuta ikaonesha kwamba imeshuka chini ya mia mbili. Lakini Mzee Rafaeli alikuwa ameshaumwa na nyoka, sasa hata jani lilimshtua.

"Bana zaidi, mwanangu."

"Inatosha, mzee. Imepita."

"Na sisi tulidhani imetosha. Bana."

Isakwisa akabana. "Tena kidogo," alisema Mzee Rafaeli, akiwa amesimama nyuma yake kama mtu anayekamua shati. Isakwisa akabana tena, mpaka nyuso za wanakwaya zikawa kama punje za ulezi zilizovaa kitenge. Marsiana alitambulikana kwa upana tu. Ikatumwa. Mfumo ukafikiri, ukazungusha kiduara chake, ukaandika: Ombi lako limepokelewa.

Mzee Rafaeli alilia machozi ya kweli, mbele za watu, pale steshenari.

Mwaliko ulikuja baada ya majuma machache. Ulisema Kwaya ya Mtakatifu Kizito, watu ishirini na tisa, imekubaliwa. Mzee Rafaeli aliusoma juu ya kichuguu kwenye upepo, na kwa furaha aliyokuwa nayo hata kama ungesema tisini asingeona.

Aliyeona ni Edith. Siku ya tamasha Edith alikaa kwenye meza langoni mwa uwanja, dada wa kamati mwenye fulana ya njano na rundo la karatasi, na juu ya rundo picha ya kila kikundi imechapwa ukubwa wa ukurasa.

"Shikamoo mzee. Karibuni. Jipangeni kama kwenye picha."

Wakajipanga. Edith alihesabu kwa kalamu, akihama kutoka karatasini kwenda kwao na kurudi. Akahesabu tena.

"Mmoja hayupo," alisema.

"Tupo wote, mwanangu. Ishirini na wanane."

"Picha ina ishirini na tisa. Yuko wapi huyu wa pembeni mwenye baiskeli?"

Mzee Rafaeli akachukua karatasi. Mwisho wa mstari, baada ya besi, palikuwa na punje moja ndefu imesimama wima, na kando yake maduara mawili na kitu kama nyumba ndogo. Akamkumbuka yule mtu wa tenga. Alikuwa amesimama ili asikatize mbele ya picha, akaona ni heshima kutazama kamera.

"Huyu si wetu. Alikuwa anapita."

"Mzee, picha iliyopitishwa ndiyo kikundi. Nikiruhusu pungufu, keshokutwa nitaulizwa kwa nini sikuruhusu ziada. Mleteni tu."

"Mwanangu, hatumjui hata jina."

"Mna muda. Ninyi ni wa kumi na moja."

Kulikuwa na jambo la kuchekesha hapo, lakini Mzee Rafaeli hakuliona. Alikuwa amekesha usiku mwingi akiwaza nani wa kupunguza. Sasa alikuwa anakimbia na sare yake kuelekea Chanji kutafuta mtu wa kuongeza. Marsiana alikimbia naye, viatu mkononi. Isakwisa akawaambia upesi: yule ni Nyanda, Msukuma wa Muze, anapanda na samaki wake kutoka bonde la Ziwa Rukwa, wakati huu atakuwa sokoni.

Walimkuta amechuchumaa kando ya baiskeli, akifukuza nzi. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye macho ya mtu aliyezoea kutazama mbali.

"Shikamoo mzee, shikamoo mama. Perege wapo wazuri leo."

"Marahaba. Ndugu yangu," alisema Mzee Rafaeli akihema, "wewe ni mwanakwaya wetu."

Nyanda aliwaza. "Tangu lini?"

Wakamweleza. Nyanda alikuwa na tabia ya kusikiliza jambo mpaka mwisho, na lilipofika mwisho hakuona ajabu kubwa ndani yake. Alisema tu kwamba hajui wimbo wowote wa kanisani na akiimba ng'ombe huondoka.

"Huimbi," alisema Marsiana. "Unafungua mdomo tukifungua, unafunga tukifunga."

"Na samaki wangu?"

"Wanakuja," alisema Mzee Rafaeli. "Wako kwenye picha."

Edith alimtazama Nyanda, akatazama karatasi, akatazama baiskeli, akatia vema. Ndivyo Kwaya ya Mtakatifu Kizito ilivyopanda jukwaani: watu ishirini na tisa, baiskeli moja na tenga la perege wakavu, harufu yake ikifika mpaka kwenye viti vya wageni rasmi.

Marsiana akaanza. Sauti yake ilitoka pale katikati, nene, haina haraka, ikatambaa juu ya uwanja mpaka watu waliokuwa wakinunua miwa nje ya uzio wakageuka. Sauti ya pili ikaingia, kisha ya tatu, Timoth akaweka msingi chini. Nyanda alifungua mdomo walipofungua, akafunga walipofunga. Kwenye ubeti wa mwisho, wimbo ulipopanda, kikamshika kitu ambacho hata yeye hakuweza kukieleza baadaye, akatoa sauti. Haikuwa besi wala tenori. Ilikuwa sauti ya kuita mifugo jioni, ndefu, iliyonyooka, nayo iliendelea peke yake kwa muda baada ya kwaya nzima kumaliza. Christopha alibaki amenyanyua mikono, hajui aishushe vipi.

Uwanja ukapiga makofi.

Majaji waliwapa nafasi ya nne. Msomaji wa matokeo alisema kwamba kwaya hii imesifiwa kwa sauti ya mwanzishaji wa wimbo, na pia kwa ubunifu wa kuleta jukwaani maisha halisi ya mfanyabiashara mdogo wa Rukwa, ingawa majaji wanashauri samaki wafunikwe. Christopha alisimama akapokea sifa hizo kwa kuinamisha kichwa, kama jambo alilolipanga yeye. Nyanda aliuza tenga lote pale pale uwanjani, akawaaga kila mmoja kwa mkono, akapanda baiskeli yake tupu kuelekea barabara ya Muze. Zenon akamfuata mbio kidogo akamwomba namba ya simu, kwa sababu Edith alikuwa amewaambia kwamba waimbaji wote ishirini na tisa wameshaingia kwenye mfumo na hawatoki.

Jioni walirudi kwa lori tupu. Baridi ilikuwa kali, na Mzee Rafaeli alikaa karibu na mkewe, migongo yao imeegemea ubao. Wengine walikuwa wanasinzia.

"Mama Victoria," alisema. "Siku ile ghalani nilikukosea."

"Ulinikosea."

Lori likapita kwenye shimo, wakarushwa wakatua.

"Nilidhani nikitoka na mimi, itakuwa sawa."

"Haikuwa sawa. Wewe hukuwa na uzito wowote kwenye kwaya ile. Wewe ni mwenyekiti tu." Alisema hivyo bila hasira, kama anavyosema mtu anayetaja bei inayojulikana. "Ungeniuliza mimi kabla ya kuiuliza mizani."

"Kweli."

Marsiana aliyatazama mashamba yaliyovunwa yakipita gizani. Kisha akaanzisha wimbo mwingine, polepole, wa sauti ya chini, ambao waliuimba siku ya ndoa yao. Alipofika mwisho wa ubeti wa kwanza akanyamaza, akamwachia ubeti wa pili. Mzee Rafaeli hakuukumbuka vizuri. Aliuanza hivyo hivyo, akikosea maneno, na mkewe hakumsahihisha.